Kadi mpya katika kompyuta ya zamani: pima kabla ya kununua



Ndugu msomaji, kompyuta ya mezani katika nyumba zetu nyingi haiingii ikiwa mpya. Huanza maisha yake katika ofisi, mara nyingi ng'ambo, ikatumika miaka kadhaa, kisha ikaondolewa, ikavuka bahari na kuuzwa dukani kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaimudu. Hapo nyumbani baba huandikia barua, mama huwekea hesabu za biashara yake, na watoto hufanyia kazi za shule. Miaka miwili au mitatu hupita kwa salama, hadi siku kijana mmojawapo anapokuja na ombi ambalo wazazi hawana mizani ya kulipimia: kompyuta yetu inataka kadi ya grafiki.

Ombi hilo limenifikia kwa sura kadhaa, lakini moja inafaa kuelezwa kwa kuwa ndani yake yamo yote. Mama mmoja ana kijana aliyemaliza kidato cha sita, ambaye amejifunza mwenyewe kuhariri video. Studio ya mtaani kwao imemwahidi kazi ya kuhariri video za harusi kwa sharti kwamba atumie kompyuta yake. Kompyuta ya nyumbani inakwama. Fedha iliyopo ndani ni ya ada ya mdogo wake wa kike, inayosubiri muhula ujao. Fundi wa kwanza alisema kompyuta hiyo imekwisha, itupwe na inunuliwe nyingine. Fundi wa pili alisema kadi yoyote itaingia, tena anayo moja ya kuuza. Mama huyo hakuuliza habari za teknolojia. Aliuliza amwamini nani.

Jibu ni kwamba asimwamini yeyote kabla kompyuta yenyewe haijaulizwa. Kila kompyuta ya zamani ina mipaka yake: upana wa kasha, wati za umeme, aina ya sloti, nguvu za prosesa. Mipaka hiyo imeandikwa, nayo husomeka kwa macho na kwa bisibisi moja. Anayeisoma kabla ya kwenda dukani hununua mara moja. Asiyeisoma hununua mara mbili, na mara ya pili huwa ni kwa fedha ya ada.

Kompyuta ya familia hiyo ni Dell OptiPlex 7010 yenye kasha la mnara, ya mwaka 2012, na ndani yake mna prosesa ya Intel Core i5-3470. Ni aina inayopatikana kwa wingi katika soko la mitumba, hivyo nitaitumia kuwa mfano. Mwenye kompyuta ya jina jingine atabadilisha tarakimu, lakini maswali yatabaki yaleyale.

Kadi ya grafiki hufanya nini

Skrini ya kawaida yenye nukta 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni mbili, na picha yake huchorwa upya mara 60 katika kila sekunde. Kazi hiyo ya kuchora ndiyo kazi ya grafiki. Katika kompyuta za ofisi, mchoraji huyo hukaa ndani ya prosesa. Katika mfano wetu anaitwa Intel HD Graphics 2500. Hana kumbukumbu yake mwenyewe, bali huazima sehemu ya ramu ya kompyuta, na njia ya kwenda kwenye ramu hiyo huigombania na prosesa. Njia yenyewe, ikiwa ramu zimepangwa mbilimbili, hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde kwa kiwango cha juu kabisa.

Kadi ya grafiki ni mchoraji wa kujitegemea. Ina chipu yake, kumbukumbu yake na feni yake. Kadi ya kiwango cha chini kama GeForce GTX 1050 Ti, iliyotolewa mwaka 2016, ina gigabaiti 4 za kumbukumbu, na njia yake hupitisha gigabaiti 112 kwa sekunde bila kugombaniwa na mtu. Kwa kazi za kuhariri video, kurekebisha rangi, kuchora majengo kwa pande tatu na michezo ya kompyuta, tofauti hiyo huonekana mara moja. Programu ya DaVinci Resolve, kwa mfano, huegemea sana kadi ya grafiki. Tena, simu na kamera nyingi za leo hurekodi kwa mfumo uitwao H.265, ambao mchoraji wa mwaka 2012 hakufundishwa kuufumbua. Prosesa hulazimika kuufumbua peke yake, na hapo ndipo video huanza kurukaruka.

Kwa upande mwingine, barua, hesabu za jedwali, usomaji wa vitabu na mikutano ya mtandaoni havihitaji kadi. Ofisi ya msikiti wetu ina kompyuta ya rika hilohilo inayotunza orodha ya waumini na hesabu za michango. Kuifungia kadi ya grafiki kungekuwa israfu iliyo wazi.

Je, tatizo ni grafiki kweli?

Mtu akisema kompyuta yake ni nzito, neno "nzito" linaweza kuwa na maana nne tofauti. Njia ya kuzitenganisha haina gharama. Fungua kazi ileile inayokukwamisha, kisha bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Windows itakuonyesha dirisha lenye asilimia za prosesa, za ramu na za diski. Acha kazi iendelee, nawe tazama ni kipi kinachofika asilimia mia na kubaki hapo.

Ikiwa ni diski, ugonjwa ni diski ya zamani yenye sahani inayozunguka, na dawa yake ni diski ya SSD. Ikiwa ni ramu, dawa ni kuongeza ramu. OptiPlex 7010 ya mnara ina nafasi nne za ramu ya aina ya DDR3 na hupokea hadi gigabaiti 32, nayo ramu hiyo ya kizazi cha nyuma huuzwa ikiwa imetumika. Ikiwa ni prosesa inayojaa hata kwa kazi zisizo na picha, kadi haitaiokoa. Lakini ikiwa diski imetulia, ramu ina nafasi, na mkwamo hutokea tu pale unapocheza video au kuongeza madoido na rangi, hapo ombi la kijana lina msingi.

Kabla ya hukumu yoyote, fungua kasha na utoe vumbi. Kompyuta iliyoziba vumbi hupata joto, na prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi ili isiungue. Nyumba nyingi zingegundua kwamba nusu ya ugonjwa wao ulikuwa vumbi.

Kijana wa mama yule alipopima, alikuta kompyuta ina gigabaiti 4 tu za ramu na diski ya zamani, na vyote viwili vilijaa hata kabla video haijaanza kuchezwa. Kwa hiyo kadi peke yake, hata iwe nzuri namna gani, ingefungwa juu ya kompyuta inayohema. Fundi wa pili angeuza kadi yake, na studio ingeendelea kusubiri.

Mipaka minne ya kasha

Tuchukulie sasa kwamba ramu imeongezwa na diski imebadilishwa, na bado kazi ya video inahitaji kadi. Ipo mipaka minne ya kusoma.

Mpaka wa kwanza ni kasha. OptiPlex 7010 ilitengenezwa kwa makasha manne chini ya jina moja. La mnara hupokea kadi ya urefu wa kawaida. Makasha membamba hupokea kadi fupi tu, zile ambazo bamba lake la chuma limekatwa nusu. Na lile dogo kuliko yote halina sloti ya kadi ya grafiki kabisa. Mtu anaweza kununua kadi sahihi kwa jina la kompyuta yake na akakuta haiingii, kwa sababu alisoma jina akaacha kupima kasha. Chukua rula, pima nafasi, kisha uliza urefu na unene wa kadi.

Mpaka wa pili ni umeme. Ndani ya kasha kuna boksi la chuma linaloitwa pawa saplai, nalo lina karatasi iliyobandikwa ubavuni ikieleza wati zake. Kwa kasha la mnara la mfano wetu ni wati 275, na kwa makasha madogo ni chini ya hapo. Prosesa ya i5-3470 imekadiriwa wati 77. Ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, pamoja na ramu, diski na feni, huhitaji fungu lao. Sloti ya grafiki yenyewe, kwa kanuni iliyowekwa na watengenezaji, hutoa wati 75 na si zaidi. Kwa hiyo kadi inayotosheka na wati 75 za sloti hukaa ndani ya mpaka kwa salama, bila kuhitaji waya mwingine wowote. Kadi inayohitaji waya wa ziada, wenye pini sita au nane, imekwisha kuuvuka mpaka huo.

Hapa pana hatari inayostahili kutajwa kwa sauti. Huuzwa waya za kuunganishia, ambazo upande mmoja huingia kwenye plagi ya umeme wa diski na upande wa pili huwa na pini nane za kadi. Plagi ya diski ya aina ya SATA imeundwa kupitisha wati 54 tu katika njia yake ya volti 12. Pini nane za kadi zinaruhusiwa kudai hadi wati 150. Matokeo ya hesabu hiyo ni plastiki iliyoyeyuka, na katika nyumba yenye watoto waliolala, moto. Fundi akikuambia kwamba waya huo unatosha, mshukuru kwa adabu na uondoke.

Wapo wanaoamua kubadilisha pawa saplai yenyewe. Katika 7010 ya mnara jambo hilo linawezekana, kwa kuwa ubao wake hutumia plagi ya kawaida ya pini 24. Lakini OptiPlex 9020, iliyofuata mwaka 2013, hutumia plagi ya pini 8 ya kampuni yenyewe, na pawa saplai ya kawaida haiingii bila kiunganishi maalumu.

Mpaka wa tatu ni sloti. Ubao wa 7010 ya mnara una sloti mbili ndefu zinazofanana kwa umbo. Moja ina njia 16 kamili za kupitishia data, na nyingine, ingawa ni ndefu vilevile, ina njia nne tu. Kadi ifungwe katika ile ya kwanza, iliyo karibu zaidi na prosesa. Kosa hili halionyeshi ishara yoyote kwenye skrini. Kompyuta huwaka vizuri, ila kadi hufanya kazi chini ya uwezo wake.

Mpaka wa nne ni skrini. Kompyuta ya mfano ina tundu la VGA, lile la rangi ya buluu lenye pini kumi na tano, na skrini nyingi za mitumba hutumia hilohilo. Kadi za kuanzia mwaka 2016 aghalabu hazina VGA. Zina HDMI, DisplayPort, au DVI ya kidijitali pekee. Mwenye skrini ya zamani ajiandae kununua kigeuzi chenye saketi ndani yake. Waya mtupu wa kubadilisha umbo la plagi hautatoa picha.

Ipi ichaguliwe, ipi iachwe

Baada ya mipaka hiyo, orodha ndefu ya dukani hupungua na kuwa fupi, na hiyo ndiyo faida yake. Kwa kasha la mnara lenye wati 275, kadi mbili hustahili kutafutwa kwanza: GTX 1050 Ti iliyotajwa, na GTX 1650 ya mwaka 2019. Zote mbili zimekadiriwa wati 75. Lakini tahadhari: baadhi ya viwanda viliziongezea kasi na kuzipa tundu la pini sita. Tazama ukingo wa juu wa kadi. Ukiona tundu la waya, hiyo si yako. Kwa makasha membamba, 1050 Ti fupi zilitengenezwa na MSI na Gigabyte.

Zikilingana bei, au zikikaribiana, chagua 1650. Sababu si kasi peke yake. Nvidia ilitangaza kwamba kadi za kizazi cha 1050 Ti zinaacha kupata draiva mpya za kawaida kuanzia Oktoba 2025, na kwamba baada ya hapo zitapewa marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Kizazi cha 1650 hakikuguswa na tangazo hilo.

GT 1030 ni ndogo zaidi na hutumia wati 30 tu, hivyo inafaa kwa mwenye kasha jembamba anayetaka kutazama video kwa utulivu, si kwa mhariri. Hata hivyo jina hilo lina mtego. Mwaka 2017 ilitoka ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5 inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatoka nyingine kwa jina lilelile, yenye kumbukumbu ya DDR4 inayopitisha gigabaiti 16.8. Hiyo ya pili ni finyu kuliko hata ramu ya kompyuta yetu ya 2012. Usilipie kabla hujasoma aina ya kumbukumbu kwenye boksi.

Radeon RX 6400 ya mwaka 2022 huvutia kwa kuwa ni mpya na hutumia wati 53. Lakini iliundwa kwa njia nne tu za data, ikitegemea sloti za kizazi cha nne. Katika ubao wa zamani njia hizo nne huwa nyembamba, na kasi hupungua. Tena haina sehemu ya kusimbia video, yaani ile inayoharakisha kutoa kazi iliyokamilika. Kwa kijana wa video za harusi, upya wake haumsaidii pale hasa anapouhitaji. Mpya si sawa na inayofaa.

Zilizobaki ziachwe bila majuto. RX 580 huhitaji wati 185 na waya wa pini nane. RTX 3060 huhitaji wati 170, na kampuni yake hupendekeza pawa saplai ya wati 550. Hata ukibadilisha pawa saplai, prosesa ya mwaka 2012 yenye viini vinne haitaweza kuilisha kadi hiyo kazi kwa kasi inayoitaka. Utakuwa umelipia nguvu ambayo itakaa bure.

Sokoni

Kadi nyingi zinazofika kwenye bajeti zetu zimetumika, na kutumika si aibu. Aibu ni kufichwa. Mambo mawili yaangaliwe.

La kwanza ni kadi za kughushi. Wapo wanaochukua kadi za takriban mwaka 2010, wakabadilisha programu iliyo ndani yake, wakabandika karatasi mpya, na kompyuta ikaisoma kuwa ni 1050 Ti. Utaijua kwa mambo kadhaa: ina tundu la VGA ambalo kadi halisi haina, inahitaji waya wa pini sita bila sababu, na draiva za kampuni hukataa au huifanya skrini izime. Ipo programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 hutambua nyingi za aina hii na kuandika wazi kwamba ni bandia. Mwombe muuzaji aifunge kadi katika kompyuta yake, aiendeshe programu hiyo mbele yako, kisha aicheze video nzito kwa dakika kumi na tano. Muuzaji mwaminifu hatachukia.

La pili ni kadi zilizochoka. Hadi tarehe 15 Septemba 2022, sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilichimbwa kwa kadi za grafiki zilizowashwa usiku na mchana. Siku hiyo uchimbaji huo ulikoma, na kadi nyingi zikamwagika sokoni. Kadi ya namna hiyo inaweza kuwa nzima, lakini feni yake huenda imelegea na grisi ya kupozea imekauka. Izungushe feni kwa kidole, sikiliza mlio wake, na tazama kama ubao umebadilika rangi karibu na chipu.

Katika fiqhi ya biashara, mnunuzi akigundua aibu iliyokuwapo kabla ya mauzo, ambayo hakuijua wala hakuiridhia, ana haki ya kurudisha. Wanachuoni wanaiita khiyari ya aibu. Haki hiyo huwa dhaifu mahakamani na hata barazani ikiwa hakuna maandishi. Basi omba risiti yenye jina kamili la kadi, ukubwa na aina ya kumbukumbu yake, na muda wa majaribio mliokubaliana. Nawe kijana unayeuza kadi yako ya zamani, kumbuka kwamba sharti hilo linakugusa vilevile: kama ilichimbia sarafu, sema.

Kuifunga

Kufunga kadi si kazi ya siri. Kwanza tembelea tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta na usasishe bayosi, kwa kuwa ubao wa zamani wakati mwingine hushindwa kuitambua kadi ya miaka ya baadaye. Kazi hiyo usiifanye siku ambayo umeme unakatikakatika, maana bayosi iliyokatwa katikati yaweza kuua ubao. Kisha zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, na ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili kumaliza umeme uliobaki. Gusa chuma cha kasha kabla hujagusa kadi, ili umeme tuli wa mwilini usiiunguze.

Ondoa bamba linaloziba nyuma ya sloti. Shika kadi kwa kingo zake, iweke wima juu ya sloti, na uisukume kwa nguvu iliyo sawa pande zote hadi kishikizo kilie. Funga skrubu. Halafu, na hili ndilo linalowarudisha wengi kwa fundi bila sababu, chomoa waya wa skrini kutoka kwenye tundu la zamani na uuchomeke kwenye kadi yenyewe. Ukiuacha kwenye tundu la ubao, huenda skrini ikabaki nyeusi ukadhani kadi ni mbovu. Mwisho, pakua draiva kutoka tovuti ya Nvidia au AMD pekee. Tovuti zinazojitangaza kuwa na draiva zote za dunia huleta na vidudu vyao.

Fedha itoke wapi, na mpaka wa mwisho

Ipo mipaka ambayo kadi haiwezi kuisogeza. Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha tatu haimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa na Windows 11. Anayetumia kompyuta hii aitenge na shughuli za benki na siri za familia, au ahamie mfumo wa Linux, ambao DaVinci Resolve pia hufanya kazi ndani yake. Jambo la kutia moyo ni kwamba diski ya SSD na kadi ya grafiki si mali ya kompyuta hii pekee. Siku itakapostaafu, vitu hivyo viwili vitatolewa na kuhamia katika nyingine, maadamu kasha na umeme wake vinaruhusu. Ramu ya DDR3 haitahamia kwenye kompyuta mpya, basi usinunue zaidi ya unayoihitaji. Gigabaiti 16 zinatosha kwa kazi hii.

Kwa hiyo ushauri niliompa mama yule ulikuwa wa hatua. Fedha ya ada isiguswe hata shilingi. Binti ana haki yake ndani ya fedha hiyo, na ahadi ya studio bado ni ahadi. Kijana aanze na kutoa vumbi, ambako hakuna gharama. Afuatie na SSD na ramu iliyotumika, kwa fedha ya vibarua vyake mwenyewe. Kisha atumie hila ambayo wahariri wengi huijua: programu huruhusu kutengeneza nakala nyepesi za video, mhariri akafanyia kazi nakala hizo, na mwishoni programu ikarudi kwenye picha halisi. Kwa njia hiyo kompyuta isiyo na kadi inaweza kumaliza harusi ya kwanza, ingawa polepole, na kuiacha usiku mzima itoe kazi. Malipo ya harusi za mwanzo ndiyo yanunue kadi. Kama harusi hizo hazikupatikana, basi kadi haikuhitajika, na familia haikupoteza kitu.

Wazazi, msiyachukulie maombi ya namna hii kuwa ni ya upuuzi, wala msiyakubali kwa kuona aibu ya kutojua. Mwambieni kijana akae chini aandike karatasi moja yenye mistari sita: kazi gani inayokwama, kipi kimefika asilimia mia, wati za pawa saplai, vipimo vya nafasi ndani ya kasha, tundu la skrini, na kadi ipi inayofaa pamoja na bei yake katika maduka matatu. Kama bei ya kadi inazidi bei ya kompyuta nzima, aeleze kwa nini. Akishindwa kuijaza karatasi hiyo, bado wakati haujafika. Akiijaza, mtakuwa mmejua zaidi ya kadi. Mtakuwa mmejua kwamba nyumbani mna mtu anayepima kabla ya kutumia, na mtu huyo anastahili kusaidiwa.

Wabillahi tawfiq.